Siku Nilipoyaita Maini Mapafu

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaikwepa mbele ya safari: mimi, muuguzi wa miaka tisa katika wodi ya watoto hapa Kasongo, niliwatangazia watu waliojaa chumbani kwamba maini ya mtoto ni mapafu, na aliyenisahihisha ni bibi muuza nyama kutoka kijijini Wamaza.

Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya kupima mapafu kwa ekografi, kile kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili bila kupasua. Chetu ni kidogo, kinachomekwa kwenye simu (nami nilikivaa shingoni hata nikienda kunywa chai). Asubuhi hiyo Bibi Mwavita aliingia na mjukuu wake Zaina, wa miaka mitatu, aliyempakata kwenye pikipiki tangu alfajiri, mwanawe Saidi akiendesha. Mtoto alihema mbiombio, pua zinapanuka, mbavu zinazama, hata kulia hakuweza.

Kifuani, upande wa kulia, alifungwa hirizi ya ngozi, pana kama kiganja cha mtu mzima. Kanuni ni kuanza juu ukishuka chini, ubavu kwa ubavu. Lakini mimi nimelelewa mji huu, najua hirizi ya mtu haiguswi ovyo, basi nikaamua (uamuzi mdogo tu, wa heshima) kuiacha na kuweka kipimo chini yake. Picha ikajaa kitu kizito, cha chengachenga, kama ini. Moyo ukaruka, kwa sababu mkufunzi alituambia pafu lililojaa nimonia hufanana na ini.

"Nimonia kali!" nikasema kwa sauti, ili na kina mama wa vitanda vya mbali wasikie. Nikaagiza sindano, nikaagiza mashine ya oksijeni, na kwa kuwa jenereta haikuwa na mafuta nikamtuma Saidi sokoni alete petroli.

Bibi alikuwa anautazama mkono wangu.

"Baba, pale unafinya iko pahali ya maini."

"Bibi, ugonjwa umelifanya pafu lifanane na maini."

"Haifanane. Iko yenyewe. Bwana yangu alikuwa anachinja mbuzi, mimi natoa maini, miaka yote. Sijue inakaa wapi?"

Kina mama wakacheka. Nikacheka pia, kicheko cha msomi, nikaendelea kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto, na robo saa ikapotea hivyo huku pumzi zake zikizidi kuwa fupi.

Dokta Mwamini, mkubwa wetu wa wodi, akaingia. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Amisi, na huku juu uliona nini?"

Nikamwonyesha hirizi. Akamgeukia bibi: "Mama, tunaweza kuifungua?"

"Fungua! Nani alikataza? Huyu hakuniuliza." Akakata uzi kwa meno yake mwenyewe.

Huko juu pafu lilikuwa safi, linateleza vizuri kwa kila pumzi, kulia na kushoto. Nimonia haikuwepo. Dokta akakunjua kiganja cha Zaina, na sote tukakiona: cheupe kama muhogo uliomenywa. Malaria ilikuwa imeila damu yake, ndiyo maana alihema.

"Anataka damu, sasa hivi. Nani atamtolea?"

Bibi alipimwa, damu yake haikulingana.

"Anabakia Saidi," akasema. "Na Saidi, weye ulimutuma petroli."

Nilitoka mbio. Koti limejaa jeli ya kupimia, kipimo kinanipigapiga kifuani, nikapita mbele ya msikiti, nikajipenyeza kati ya baiskeli, nikiita "Saidi! Saidi!" kama mwendawazimu, na watu watatu wakaitika (Kasongo hii, ukiita Saidi, nani asiitike?), hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Wa kwangu nilimkuta kwa wauza petroli, chupa mkononi. Aliponiona alisimama wima.

"Mutoto amekufa?"

Wauzaji wote wakageuka kunitazama.

"Hapana. Mimi ndiye niliyekosea. Tunataka damu yako."

Alinitia chupa mkononi, akawasha pikipiki, akaniacha palepale. Nikarudi kwa miguu na petroli yangu, nikiulizwa njia nzima kama siku hizi nimekuwa dereva. Nilipofika, Saidi alikuwa amelala, mkono umenyooshwa, mfuko unajaa. Nikaenda kukaa karibu na Zaina, nikahesabu pumzi zake moja moja mpaka damu ikaanza kuingia.

Alasiri akalia kwa sauti, akitaka uji. Bibi ndiye aliyecheka. Mimi nilitoka nje kidogo.

Wiki chache baadaye Bibi Mwavita akarudi kumwonyesha Dokta mjukuu, akiwa na kifurushi cha majani ya ndizi. Akakifungua mezani mbele ya wauguzi wote: kipande cha ini la mbuzi, na pembeni kipande cha pafu.

"Hii maini. Hii mapafu. Soma kwanza, nyuma ndiyo utakula."

Nilisoma, wenzangu wakishangilia. Na tangu siku hiyo siweki kipimo kifuani pa mtoto yeyote kabla sijauliza, "Mama, naweza kufungua hii?" Hajatokea hata mmoja wa kunikatalia.