Kazi ya Masikio

Usimcheke Yusto. Waliomcheka kule kwao Kighare wanatosha, na wengi wao hawajapata kuiona hata mashine ya simu. Kabla ya vita Yusto alikuwa karani wa simu, zile za kugonga herufi kwa waya, kwenye stesheni ya reli ya Lembeni, na kazi ile aliipenda kuliko chakula. Mashine ya shaba iligonga mezani, ta, ta-ta, naye akaandika maneno ya mtu aliyeko Same kana kwamba wameketi pamoja.

Wakaja waandikishaji wa Keya, jeshi la Mwingereza, wanatafuta vijana wanaojua simu. Mkuu wake, Bwana Omari wa Pangani, stesheni masta, alimkanya. "Mwanangu, vita si harusi. Usikimbilie." Wapi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Yusto miguu alirudi nayo yote miwili. Masikio ndiyo aliyoyaacha vitani kule Bama, siku mzinga ulipopasuka karibu naye. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilisikia mtu akisema kwa nguvu na kwa karibu, lakini vitu vidogo vidogo, kama mlio wa mashine ya simu, havikufika.

Miaka miwili akakata katani kwenye shamba la mzungu, viganja vikachanika. Siri ya masikio aliijua mkewe tu, Lea. Na Lea ndiye aliyemgongea meza kwa mpini wa mwiko, herufi za simu alizofundishwa na mumewe, jioni baada ya jioni, mpaka Yusto akagundua kwamba akilaza vidole juu ya mbao anaipata kila herufi. Walicheka siku ile, jamani, walicheka mpaka wakalia.

Basi masika ya mwaka arobaini na saba akavaa shati lake la kanisani, akateremka Lembeni.

"Shikamoo, Bwana Omari."

"Marahaba! Yusto! Nilidhani Wajapani wamekumaliza!" Mzee alizungumza kwa sauti kubwa, kama kawaida yake, na Yusto akamshukuru Mungu kwa hilo.

"Bwana, nimekuja kuomba. Ulinikataza nikaondoka, kosa ni langu. Nirudishe kwenye simu. Kazi nyingine nafanya, lakini siishi."

Omari alimtazama sana. Karani aliyekuwapo alikuwa anahamia Korogwe mwisho wa wiki, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. "Kaa hapo," akasema. Akawagongea Same walete maneno yoyote.

Yusto akaketi, mkono wa kushoto ukalala mezani kama wa mtu aliyechoka na safari, wa kulia ukashika kalamu. Vidole vikapokea, kalamu ikaandika. Omari akaisoma karatasi, Yusto hakuwa amekosea hata herufi moja.

"Nyie Wapare!" mzee akacheka. "Hata kesi ya kuku hamuiachi mpaka mshinde. Haya, Jumatatu uanze."

Yusto akaiweka kalamu, mzee akampa mkono. Kwao mkono wa mzee haupokelewi kwa mkono mmoja. Akasimama, akaushika wa Omari kwa yake yote miwili, akainama. "Asante, baba. Lea atafurahi. Mungu akuzidishie, baba, hukuniacha..."

Akaendelea kushukuru. Akaona uso wa mzee umebadilika, akadhani ni huruma, akazidi kushukuru. Omari alikuwa anaitazama mashine nyuma yake. Ghafla akajinasua, akaruka mezani, akagonga jibu, akaandika haraka. Kisha akachungulia dirishani na kumpigia kelele mtu wa bendera.

Yusto alipogeuka akaiona shaba ikicheza. Ilikuwa ikiita Lembeni muda wote ule.

Omari akamsukumia karatasi. Maji ya mlimani yalikuwa yamechukua tuta la reli upande wa Same, na treni ya abiria kutoka Moshi ilitakiwa izuiwe Lembeni.

"Husikii tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu Bama. Lakini nikiweka mkono mezani, bwana, napata yote! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Na ukisimama kumpokea mgeni? Ukienda msalani? Treni nzima ya watu, Yusto, wanawake na watoto."

Yusto alimchukia mzee yule kwa sababu alisema kweli, akajichukia mwenyewe zaidi kwa ile mikono miwili.

"Fagio lipo," Omari akasema, macho yamelowa. "Usafi wa stesheni. Naweza kukupa hiyo leo."

"Hapana, bwana. Ile mashine nitakuwa naiona kila siku." Akachukua kofia yake. "Katani haiulizi masikio."

Akatoka, akashika njia ya kwao, kwa miguu juu ya mataruma ya reli kama walivyozoea watu wote wa huko, kuelekea Mwanga, upande wa Moshi. Alitembea ameinamisha kichwa, analia wazi, anafikiri atamwambia nini Lea.

Akashikwa bega kwa nyuma. Alikuwa Bwana Omari, anahema, hana hata viatu, amemkimbilia mwendo mrefu. Moyo wa Yusto uliruka. Mzee amebadili nia!

"Jumatatu, bwana?"

Omari akamvuta nje ya reli, akasogeza mdomo kwenye sikio lake la kushoto, akapaza sauti.

"Pita barabarani, mwanangu. Treni inakuja."