Baridi Iliyomshinda Msusi

Siku ya mazishi, mume wa msusi alisimama mbele ya watu, akapangusa macho, akasema, "Mke wangu alikuwa jasiri. Hakumwogopa mtu. Baridi tu ndiyo iliyomshinda, na mimi ni shahidi." Watu wakaguna kwa huruma, wengine wakatabasamu, maana hadithi ile walishaisikia mara nyingi. Mdogo wake marehemu, aliyekaa benchi la mbele, akatazama chini. Mungu amekataza ushahidi wa uongo, na maiti hana mdomo wa kujitetea. Hata maiti huyu, ambaye uhai wake wote alikuwa na mdomo wa kuutosha mtaa mzima na mwingine ukabaki! Basi kweli ya safari ile na isemwe, kama alivyomsimulia mdogo wake jikoni, mlango umefungwa.

Msusi alikuwa na saluni ya viti vitatu na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Wateja walikuja kusukwa, lakini wengine walikuja kusikiliza tu. Alikuwa na tabia ya kumsema mtu huku anamsuka, na mtu atakwenda wapi, kichwa kiko mikononi mwake? Alisema wanene, alisema wembamba, alisema hata mchungaji kwa mahubiri yake marefu, kisha Jumapili akaenda kumsikiliza mpaka mwisho. Lakini nyama yake ya kila siku ilikuwa mume wake, aliyembandika jina la Bwana Barafu.

Bwana Barafu alifanya kazi kwenye ghala la kugandishia nyama. Tangu ujana aliingia mle ndani na koti zito na buti za mpira, akapanga mapande ya ng'ombe yaliyoganda kama magogo. Ni kazi ya halali, na aliifanya kwa bidii, hilo hakuna wa kumnyima. Tatizo ni kwamba jioni alirudi nyumbani na majivuno makubwa kuliko mshahara. Mvua ikinyesha, watu wakijikunyata na masweta, yeye alikaa mlangoni kifua wazi kama jogoo aliyenyonyolewa. Neno "nasikia baridi" halikuwahi kumtoka kinywani. Sufuria ikichemka, aliiepua motoni kwa mikono mitupu.

"Mikono ya mwanamume hii," alisema.

"Ya mwanamume au ya koleo?" mkewe alimuuliza.

Mwaka mmoja alipopewa likizo ndefu, akaona kwenye simu picha za mume na mke wamebeba mabegi mgongoni, wanavuka milima ya theluji kwa miguu na kulala kwenye hema. Kichwa kikamzunguka.

"Mama Watoto, tunakwenda kule juu."

"Kufanya nini? Nyama za huko zimekosa mpangaji?"

"Kutembea. Kuona."

"Kuona barafu? Wewe? Si sawa na mwoka mikate kwenda likizo ndani ya tanuri?"

Lakini akakubali, na sababu aliwatangazia wateja bila haya. "Nataka nimwone Bwana Barafu anatetemeka, jamani. Mara moja tu, kwa macho yangu haya. Hapo hata Mungu akiniita, nitakwenda nimeshiba." Mume aliposikia, akaweka sharti: atakayesema kwanza kwamba anasikia baridi, huyo ndiye aliyeshindwa, na wakati huohuo watageuza njia. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara.

Kwenye geti la milimani, mlinzi aliwatazama juu mpaka chini. Bwana Barafu alikuwa amevaa buti zake za ghalani. Begi lake alilipanga kwa utaalamu wa kazini, vizito juu, vyepesi chini, hivyo kila alipoinama kufunga kitu, begi lilimpanda kichwani na kumsujudisha.

"Mzee, mnakwenda bila kiongozi?" mlinzi akauliza.

"Ndugu yangu, samaki huongozwa majini?"

"Huyu ni wa kwenye friji," mkewe akamwambia mlinzi. "Maji ameyasahau zamani."

Zile buti zilikuwa za sakafu ya saruji. Kwenye majani yenye umande ulioganda, mwanamume mzima alianza kucheza ngoma isiyo na mpigaji. Alianguka kwa makalio, alianguka kwa magoti, mara moja aliteleza mteremko mzima amekaa, begi likimfuata nyuma kama mtoto anayelilia kubebwa. Mkewe alimfikia taratibu.

"Umefika mapema," akamwambia. "Kuna chai?"

Chai haikuwapo, wala maji. Bwana Barafu alikuwa amezifunga chupa za maji nje ya begi, maana ghalani kila kitu kilichoganda ndicho kilicho salama. Zikaganda, zikawa salama kabisa, hakuna hata tone la kunywa. Mkate nao, alioufunga nailoni juu ya nailoni kama figo za ng'ombe, ulikuwa mgumu hata mkewe akaugonga kwenye jiwe akiuliza kama kuna mtu ndani.

Ulipofika wakati wa kusimamisha hema, wapita njia wengine walikuwa wamechagua kilima kidogo chenye mawe. Bwana Barafu akawacheka. Yeye akateremka kwenye shimo la bonde, pale palipolala ukungu.

"Baridi hutoka juu," akamfundisha mkewe. "Ghalani mafeni yako darini. Ukikaa chini sana, inakupita."

"Na nani amefunga mafeni mbinguni?"

"Wewe suka nywele, hili niachie mimi."

Mkewe akamwachia. Baridi yote ya milima ile ikateremka kama maji, ikakusanyika shimoni, ikawakuta wawili wao. Kulipokucha hema lilikuwa gumu kama bati. Waling'oa vigingi vyote na hema likaendelea kusimama lenyewe, lina msimamo kuliko mwenye nalo. Dawa ya meno iligoma kutoka. Msusi alikuwa amevaa mawigi yake mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya sufu juu yake. Moja lilipochomoka na kuangukia miguuni, Bwana Barafu alilipiga teke akidhani ni panya wa mwituni, kisha akapiga magoti na kuliomba radhi alipoona ni la binadamu.

"Kazini," akasema, ndevu zikiwa nyeupe kwa umande, "ukianza kuchoka na baridi unatoka nje, unakaa juani kidogo, unarudi."

Mkewe akatazama huku na huku, mlima kwa mlima.

"Haya, Bwana Barafu. Fungua mlango tutoke."

Bwana Barafu akageuka kukung'uta ndevu. Msusi alifurahi mpaka akahisi joto. Mume wake alikuwa anakaribia, neno lilikuwa limefika kwenye koo, limebaki kutemwa tu. Akajipa moyo kungoja.

Bwana Barafu akawasha jiko la gesi kuyeyusha barafu. Sufuria ilipochemka akaiepua kwa mikono mitupu, kama kawaida yake, huku anaeleza jinsi watakavyolipanda pito la juu, njia ipitayo kati ya vilele viwili, kabla ya jua kutua. Msusi akasikia harufu. Aliijua vizuri, ni harufu ya ngozi iliyoguswa na chuma cha moto, harufu ambayo mteja akiitoa saluni hupiga kelele mtaa ukasikia. Huyu alikuwa anaendelea kuongea.

"Nipe mkono," akasema.

"Umeanza mapenzi?"

Vidole vilikuwa vyeupe, vigumu kidogo, kama mishumaa. Kimoja kilikuwa kimeungua na yeye hana habari. Msusi akachomoa kitana, akamchoma nacho kwenye ncha ya kidole, kwa nguvu, kisha kwenye kidole kingine. Bwana Barafu alikuwa anatazama pito. Hakushtuka. Hakujua.

Hapo ndipo mwanamke yule alipoelewa miaka yote ile ya sufuria. Haikuwa ushujaa. Ghala lilikuwa limemla mikono polepole, naye akaona amepewa kipaji. Na sasa mlima ulikuwa unakuja kumalizia masalia, na mpangaji nyama bila vidole ni nani? Kule juu upepo ulikuwa unapeperusha theluji kama unga.

"Turudi," akasema.

"Sema neno tunarudi."

"Vidole vyako vimekuwa vyeupe, wewe mwanamume. Vinakufa."

"Vyangu viko hivyo siku zote. Sema neno."

"Sema wewe basi, tumalize!"

Bwana Barafu akacheka, lakini si cheko la majivuno. "Mimi niseme? Uende ukanisuke saluni kwenu mpaka kiama? Nitakuwa kichekesho cha kila kichwa utakachokishika. Afadhali nipande."

Akainua begi. Msusi akabaki amesimama, kitana mkononi. Aliwahi kumwambia mdogo wake kwamba hakuna sala iliyomuwia ngumu kama ile. Kuomba mvua, kuomba mtoto apone, hayo ni mepesi. Aliomba Mungu ampe nguvu ya kushindwa na mjinga. Na mdomo wake, ambao haujawahi kukosa la kusema, ukagoma kama ile dawa ya meno. Mumewe alikuwa amekwishaanza kupanda, anateleza na kushikilia mawe kwa vile vidole visivyojua vinachoshika.

"Nasikia baridi," akasema.

"Eti?"

"Nasikia baridi!"

"Sikusikia vizuri, Mama Watoto. Upepo."

Msusi akakaa kwenye jiwe, akajikunja, akalia kwa sauti, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira. "Nasikia baridi, nimeshindwa, nitakufa hapa! Niteremshe!"

Bwana Barafu akateremka mbiombio, akaanguka, akainuka, uso umemng'aa kama wa bwana harusi. Alimpangusa theluji mabegani. Alimwambia asione aibu, si kila mtu ameumbwa kwa baridi, wanawake ngozi yao ni nyepesi, kosa ni lake yeye aliyemleta. Yote hayo msusi aliyasikiliza bila kujibu, na mwenye kumjua atakwambia kwamba hilo pekee lingetosha kuhesabiwa muujiza.

"Niwekee mikono hapa," akasema, akifungua koti. "Kwapani. Nipashe joto."

Akamwekea. Ilimwingia mbavuni kama mapande mawili yaliyotoka ghalani, akauma meno asipige yowe. Wakakaa hivyo kwa muda mrefu, wamekumbatiana katikati ya mawe, yule mjinga akimpulizia kisogoni kwa huruma. Kisha msusi akasikia vidole vinaanza kucheza kidogo, kimoja kimoja, na mumewe akasonya, akasema vinamwasha ghafla, sijui kwa nini.

"Umepata joto kidogo?" akamuuliza.

"Bado," akajibu msusi. "Usiitoe."