Sekunde Kumi Nilizozifuta

Kwetu Tanga, hapana ni neno zito. Ukienda kumwomba mtu kitu asichonacho, hakwambii hana. Atakukaribisha ukae, atakuuliza hali ya nyumbani, kisha atasema ngoja kidogo tuone, na wewe utaondoka mwenyewe ukiwa umeelewa. Nililelewa hivyo, na adabu hiyo nikasafiri nayo hadi Riyadh nilipopata mkataba wa kuandika programu za kompyuta. Sikufikiri kwamba kompyuta nayo inaweza kufundishwa adabu ya namna hiyo, wala kwamba ikishafundishwa itamuumiza mtu.

Kampuni yetu ilipeleka wafanyakazi wa nyumbani kwa familia za huko, wengi wao wakiwa dada zetu wa Kenya, na yenyewe ndiyo ilikuwa kafili wao, yaani mdhamini wao kisheria. Makao makuu yalikuwa Riyadh, tawi likawa Jeddah. Pasi zao zilifungiwa kwenye kasha la chuma ofisini, na mimi niliyeandika programu ya kuzitunza sikuwahi kuuliza kwa nini zisikae na wenyewe. Mfanyakazi akitaka kusafiri, karani alifungua jalada lake katika programu yangu, programu ikauliza hifadhidata iliyokuwa Riyadh, na jibu likirudi ikachapishwa karatasi ya kumtolea pasi yake. Mambo yakiharibika kulikuwa na fomu ya mkono. Meneja wa tawi anatia saini, pasi inatoka, basi. Ila fomu hiyo haikuruhusiwa kuguswa mpaka programu yenyewe ioneshe kwamba imeshindwa.

Mwanzoni niliweka kikomo. Programu ikiuliza hifadhidata na isijibiwe ndani ya sekunde kumi, iache kungoja, ifute ombi lake, imwoneshe karani kisanduku chekundu kinachosema imeshindikana. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo inavyotakiwa. Bosi wetu hakukipenda kisanduku kile. Siku moja Jeddah walikiona mara tano, akaja mezani kwangu amevimba.

"Mafi red," alisema. "Sitaki kuona red tena. Halas."

Chanzo nilikijua. Mtu wa ripoti pale Riyadh alikuwa na mazoea yake: adhana ya adhuhuri ikikaribia, anaanzisha ripoti kubwa ya wafanyakazi wote, kisha anakwenda kuswali, kama mtu aliyeacha maharage jikoni yaive mwenyewe. Ripoti ile ilishika majalada yote mpaka imalize, na hakuna aliyeweza kuyafungua. Kwa Riyadh haikuwa neno, maana wote walikuwa msikitini. Lakini Jeddah iko magharibi, jua linachelewa kufika, na adhana yao hufuata yetu kwa kama nusu saa. Katika nusu saa hiyo, wenzetu wa Jeddah walikuwa bado na watu dirishani.

Dawa ilikuwa kuitenga ripoti. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na ingebidi nimwambie mtu wa ripoti kwamba mazoea yake ni mabaya. Sikutaka kumuudhi. Nilifungua programu, na pale palipoandikwa kumi nikaandika sifuri. Katika zana tuliyotumia, sifuri maana yake ni ngoja bila mwisho. Sikukosea kuandika, nilijua ninachofanya. Kisanduku chekundu kikatoweka, badala yake kukawa na duara linalozunguka na maneno ya Kiarabu yanayosema tafadhali subiri. Bosi akanipiga begani, akasema tamam. Nami nilifurahi, siwezi kukataa.

Ikaja Alhamisi moja, siku ya mwisho ya kazi katika wiki. Wenzangu walikuwa wameshakwenda kuswali. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo nilibaki peke yangu ofisini. Simu ikalia kutoka Jeddah. Karani wa kule, Msudani mpole, aliniambia duara linazunguka, na mbele yake yuko mama wa Kenya ambaye Kiarabu chake hakimtoshi, niongee naye.

"Kaka, pole kwa kukusumbua," alisema. "Mamangu alifariki juzi. Tunazika Saturday. Flight ni leo saa tisa na nusu. Madam amenipa dereva, yuko hapo nje na sanduku langu. Sasa hii computer inazunguka tu. Inangoja nini?"

Kwenye skrini yangu niliona wazi inachongoja. Ripoti ilikuwa mbele, ombi lake nyuma. Ningeweza kuikata ripoti kwa amri moja. Lakini bosi aliitaka ikifika saa nane, na ikama yangu, kibali changu cha kuishi nchini humo, ilikuwa mikononi mwake. Niliogopa. Nikafanya nilichokizoea tangu utotoni.

"Pole sana kwa msiba, dada yangu," nikasema. "Subiri kidogo tu, itafunguka."

"Sawa, kaka. Wacha ningoje."

Aliniitikia kwa sauti ya mtu aliyetulizwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ripoti ya siku hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, nzito kuliko zote. Adhana ya Jeddah ikaadhiniwa, karani akafunga dirisha, watu wakatoka wakakaa kwenye benchi la nje. Walipofungua tena, duara lilikuwa bado linazunguka. Ripoti ilimaliza saa nane kasoro, na karatasi ya yule dada ikatoka papo hapo. Nyumba ya madam wake iko Nuzha, jirani kabisa na uwanja wa ndege, lakini ofisi yetu ilikuwa upande wa pili wa mji, na Alhamisi mchana magari ya Jeddah hayaendi. Alipofika, kaunta ilikuwa imefungwa. Nafasi nyingine ilikuwa ya Jumapili.

Jumamosi nilikuwa Batha, sokoni pale Riyadh, nimeshika birika nililotaka kulinunua, simu ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa yeye. Namba yangu alipewa na karani.

"Wanazika sasa," alisema. "Wameniwekea kwa video lakini network imekatika. Nimeona tu maua."

Nikaomba msamaha, nikaanza kumweleza habari za ripoti na hifadhidata. Aliniacha nimalize.

"Kaka, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini yule meneja alikuwa amekaa hapo. Karani alikuwa ameniambia iko fomu ya mkono, computer ikikataa. Nusu saa nzima nilikuwa namwona, kalamu iko mfukoni mwake. Ungeniambia tu imekataa, ningemwangukia miguuni."

Meneja aliondoka adhana ilipoita, na kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, hakurudi. Hilo sikuwa nalijua mpaka nilipoambiwa na yule dada.

Nililirudisha birika rafuni. Nilitembea Batha nzima siku ile bila kununua kitu, nikiwa na hasira na kila mtu, hasa na yule kijana wa Tanga mwenye adabu zake.

Jumapili asubuhi, kabla sijafungua barua pepe, nilirudisha sekunde kumi. Niliziweka katika kila mahali programu inapouliza hifadhidata, pakubwa na padogo, na chini ya kisanduku chekundu nikaongeza mstari: usingoje, tumia fomu ya mkono. Kisha nikaenda kwa mtu wa ripoti nikamwambia usoni kwamba ripoti yake inazuia watu. Alinuna wiki mbili, wala hakuyaacha mazoea yake. Bosi naye alipiga kelele zake kuhusu red. Nilimwambia kwamba akitaka iondoke ataiondoa mwenyewe, na nikangoja aitaje ikama yangu. Hakuitaja.

Haikupita wiki tatu, karani wa Jeddah akapiga simu adhuhuri.

"Imekataa," alisema. "Kuna dada hapa anasafiri leo."

"Basi mwambie imekataa," nikasema. "Sasa hivi. Na mwite meneja."

Hakukata simu. Nilimsikia akimwita meneja, nikasikia kiti kikivutwa, na baada ya muda mfupi mlango wa kasha ukigonga chuma. Mwanamke akasema asante kwa Kiswahili, akaondoka.

"Halas, amekwenda," karani aliniambia. "Hata chai yangu haijapoa."

Nikaweka simu chini. Ofisi ilikuwa tupu, wenzangu wote wako msikitini, nikainamisha kichwa mezani nikalia.