Mwalimu wa Kipaimara na Salamu ya Forodhani

Zenobia hakujipa mwenyewe jina la Bi Zena. Alipewa na wateja wa Forodhani, zamani hizo alipoweka meza yake ya urojo, ule mchuzi mchachu wa Unguja, pale bustanini, kwa kuwa Zenobia ni jina refu na mtu mwenye njaa hana subira ya jina refu. Naye hakukataa, ingawa jina hilo lilisikika la Kiislamu. Alijitanda mtandio kama wanawake wote wa mjini, na Kiunguja chake hakikuwa na doa, maana alizaliwa Kizimbani kwenye mikarafuu, ambako babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi ya shamba na asirudi tena. Mtu akiita Bi Zena, yeye huitika "Naam", na urojo unauzika. Sasa ubaya uko wapi hapo? Swali hilo alijiuliza kwa miaka, na kila alipojiuliza alijijibu upesi upesi, asije akapata nafasi ya kulifikiria.

Huyo ndiye Zenobia wa jioni. Wa Jumamosi alasiri ni mwingine kabisa. Jumamosi alasiri hufunga duka la maneno matamu, akachukua Biblia yake na kitabu cha katekisimu, akaenda Ng'ambo kwenye kikanisa cha bati, na huko ni Mwalimu Zenobia, katekista, na watoto humuogopa kuliko wanavyomuogopa Padri. Padri wao ni mmoja na vigango, yale makanisa madogo ya pembeni, ni vingi. Akifika, anabatiza, anasoma misa, anakunywa chai, anaondoka. Kumkalisha mtoto chini mpaka ajue kupiga ishara ya msalaba na ajue kwa nini anaipiga, hiyo ni kazi ya walei, watu wenye meza zao za urojo na cherehani zao na watoto wao wa kulea. Baba yake Zenobia aliifanya kazi hiyo ndani ya ghala la karafuu, wanafunzi wakitoka wananukia mpaka siku ya pili. Alipokufa, binti yake akaishika, na hakuna aliyeshangaa.

Alifundisha kwa swali na jibu, kama alivyofundishwa. Yeye anauliza, wao wanaitikia kwa pamoja, na ole wake anayechelewa nyuma ya wenziwe. Alikuwa mkali, tena mkali anayejijua na kujipenda kwa ukali wake.

Mwaka huu katika darasa la kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha Mkristo katika imani, alikuwamo msichana mmoja, Domitila, ambaye familia yake ilihamia kutoka bara kwa sababu baba yake alipata kazi ya uashi kwenye majumba mapya ya Fumba. Mtoto alikuwa mwoga wa sauti yake mwenyewe. Akisema, wenziwe humcheka kwa lafudhi yake, basi akaona heri anyamaze. Zenobia alimshughulikia yule mtoto kama mtu anavyowasha moto wa kuni mbichi. Alimweka mbele. Alimpa kazi ya kuwaongoza wadogo katika maswali mwalimu anapokuwa hajafika. Akimkuta ananong'ona humwambia, "Mungu si kiziwi, lakini mie nataka nisikie." Taratibu sauti ikaanza kutoka, na Zenobia akajisifu moyoni kwamba hapo kweli amefanya kazi.

Jumamosi ile somo lilikuwa juu ya kumkiri Kristo mbele za watu.

"Askari gani anayeficha sare yake?" akauliza.

"Hakuna!" wakaitika.

"Basi kazi yenu ya wiki hii ni ndogo. Kila mtakapokutana na Mkristo mwenzenu, msalimieni kwa salamu yetu, Tumsifu Yesu Kristo, mpaka aitikie Milele Amina. Sokoni, hospitali, popote. Na kwa sauti! Anayenong'ona anaona haya, na anayeona haya hajawa tayari kwa kipaimara."

Domitila akanyoosha mkono. "Hata kama kuna watu, Mwalimu?"

"Hasa kama kuna watu."

Maneno matamu hayo, na aliyasema vizuri. Nyani haoni kundule.

Ijumaa iliyofuata Forodhani ilifurika. Zenobia alikuwa na wateja wake wa siku zote, na mbele yao amekaa Mzee Kheir na bakuli lake, mzee wa Kitumbatu aliyetulia, mwenye desturi ya kuja kila Ijumaa baada ya sala ya magharibi. Mzee akaonja, akafumba macho.

"Bi Zena, mkono wako una baraka. Huu mkono wa mtu anayesali."

"Alhamdulillahi, mzee wangu," akasema Zenobia, na shingo ikamrefuka kidogo kwa furaha, maana wateja wengine walisikia.

Ndipo ilipokuja sauti. Si mnong'ono. Ni sauti ile ile aliyoihangaikia miezi na miezi, imetoka nzima, inatetemeka mwanzoni na kukaza mwishoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu!"

Domitila alisimama mbele ya meza, amefuatana na baba yake mwenye vumbi la saruji kwenye viatu. Uso wa mtoto ulikuwa unawaka. Alikuwa amefanya jambo kubwa na alijua kuwa ni kubwa.

Zenobia akaendelea kukoroga urojo. Mkono wake ulizunguka tu ndani ya sufuria, na kichwani mwake lilizunguka jambo moja: nyama. Watu hawa ni Waislamu, na wanakula mishkaki anayoitia kwenye urojo. Nyama anainunua soko la Darajani kwa wachinjaji wale wale wanaouzia mji mzima, lakini nani atasubiri kuelezwa? Wakijua leo kuwa yeye ni Mkristo, kesho meza itakuwa nyeupe. Hayo ndiyo aliyojiambia.

Mtoto akadhani hajasikika. Si alifundishwa kwamba mwalimu anataka asikie? Akaongeza sauti.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Zenobia akainua uso, akamtazama mwanafunzi wake kama anavyomtazama mtalii.

"Wataka na kachori, mwanangu, au bila?"

Domitila alimtazama baba yake, akatazama sufuria. "Bila," akasema, na ile sauti ilikuwa imeshakwenda zake, umerudi mnong'ono wa zamani. Zenobia akamjazia bakuli, akamtilia na kachori mbili asizoziomba. Baba yake akalipa, akashukuru kwa adabu, wakaondoka. Bakuli lile baadaye lilionekana ukutani kando ya bahari, limejaa kama lilivyotoka, na paka wamelizunguka.

"Mtoto yule kakusalimu," akasema Mzee Kheir.

"Kanifananisha, mzee."

Mzee akamtazama kidogo, akamaliza urojo wake, akaaga. Safari hii hakusifu kitu.

Meza ya pili, Bi Thuwaiba alikuwa akikamua miwa. Yeye na Zenobia wameuza bega kwa bega miaka, wamekopeshana barafu na chenji. Alingoja wateja wapungue, akasema bila ya kuacha kufuta mashine yake.

"Mwenzangu, mbona humjibu mtoto?"

"Salamu gani ile, Bi Thuwaiba? Mie sikumwelewa."

"Hukumwelewa." Bi Thuwaiba akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na raha. "Mie nshakujua zamani kuwa Mkristo. Nnakuona Jumapili unapita na Biblia yako kwapani, umejitanda khanga mpya. Kila mtu hapa anajua."

Zenobia akamsogelea. "Na Mzee Kheir?"

"Yeye kajua hata kabla yangu mie! Alisema, yule bibi wa urojo ana dini yake na anasali kwao, huyo hawezi kukulisha haramu. We ulidhani kakusifu kwa nini?"

Zenobia akafunika sufuria. Kama waliojua wangemfukuza, angalau hofu yake ingekuwa na maana. Sasa akaona kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijificha nyuma ya pazia linaloonyesha, watu wote wanamwona. Na kwa ajili ya pazia hilo amemkana mtoto wa watu, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusema.

"Kwetu sisi, salamu lazima ijibiwe," akamalizia Bi Thuwaiba. "Sijui kwenu." Akaenda kumwaga maji yake.

Aibu ina tabia mbaya: badala ya kumfanya mtu aseme kweli, mara nyingi humtafutia uongo wa pili. Kesho yake alasiri, njiani kwenda Ng'ambo, Zenobia aliutengeneza uongo huo na kuuonja ulimini. Atasema palikuwa na kelele. Atasema moshi wa majirani wanaochoma mishkaki ulimwingia machoni. Aliupanga vizuri hivi kwamba alifika kanisani amechelewa, na alipokaribia dirisha la ubavuni akasikia Domitila ameshawaanzisha wadogo, kama alivyofundishwa, kwa swali na jibu.

"Tukimkuta Mwalimu kwenye biashara yake, tumsalimie vipi?"

"Shikamoo tu!" wakaitika wote kwa pamoja, hakuna aliyechelewa nyuma ya mwenzie.

"Kwa nini?"

"Ili watu wasijue!"

"Na Yesu je?" Huyo alikuwa Severini, mdogo kuliko wote, mwenye maswali yasiyokuwamo kitabuni.

"Yesu anajua," akasema Domitila kwa upole. "Yeye tutamsifu humu ndani."

Hapakuwa na kinyongo katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Zenobia kuliko kama angetukanwa. Mtoto hakumsema mwalimu wake vibaya. Alikuwa anamsitiri. Amekaa, amefikiri, ameelewa somo, na sasa analifundisha.

Zenobia alitaka kugeuza njia arudi nyumbani. Miguu ikamkatalia. Akaingia.

Domitila alipomwona alikwenda kwanza kulifunga dirisha la upande wa barabarani, akahakikisha limefungika. Kisha darasa lote likasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu!"

Ule uongo wa moshi na kelele ulikuwa pale pale ulimini, umeiva. Zenobia akautafuta, akaona hawezi kuusema mbele ya dirisha lile lililofungwa.

"Jana nlikusikia, Domitila," akasema. "Mara zote mbili."

Mtoto akainamisha kichwa, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Sasa kwa nini hukuitika?" akauliza Severini.

"Nliona haya."

"Ulimwonea haya nani?"

Jana angejibu, watu. Leo jibu hilo Bi Thuwaiba ameshamnyang'anya.

"Nyinyi," akasema. "Nliwaonea haya nyinyi, nisijulikane kuwa mie ni wenu."

Akangoja waseme kitu, wacheke, wakasirike, hata waondoke. Hawakusema. Amewazoesha kujibu yale tu aliyowafundisha, na hili hakuwahi kuwafundisha jibu lake. Walikuwa bado wamesimama. Akataka kuwauliza kwa nini hawakai, kisha akaelewa: katika darasa lake hakai mtu kabla mwalimu hajaitikia salamu, na hata hii ya leo alikuwa hajaiitikia.