Siku Iliyopewa Jina la Asukile

Madam Bupe alifundisha ushonaji kwenye chuo kidogo cha ufundi kule Soweto, Mbeya, chuo chenye madarasa machache na uwanja ambao masika yakianza hugeuka tope tupu. Mjini alifika akitokea Tukuyu, mjane bado kijana, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Asukile. Alimlea kwa kushona sare za shule na magauni ya kwaya, mpaka naye akapata kazi ya kuwafundisha wengine.

Asukile alipomaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Akaingia chuo kilekile cha mama yake kusomea umeme wa majumbani. Asubuhi walitoka nyumbani pamoja, wakibishana njia nzima kama watu wa rika moja. Wakifika getini kijana anabadilika.

"Shikamoo, madam," anasema kwa sauti kubwa mbele ya wenzake.

"Marahaba," anaitikia Bupe, akijikaza asicheke.

Chuo kilipenda sikukuu. Mkuu wa chuo, Mwalimu Philbert, mtu wa Iringa, mpole, alikuwa na msemo wake kwamba kijana asiyecheka hafundishiki. Mei Mosi waliandamana na fulana mpya. Nane Nane walipeleka viti na magauni kwenye maonyesho. Kulikuwa hata na siku ya suti, ambapo wanafunzi wa ufundi magari nao walitakiwa kufunga tai. Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa Siku ya Utamaduni, mwishoni mwa Aprili, siku za Muungano. Kila kabila lilileta chakula chake na ngoma yake. Wanyakyusa walipika ndizi na kupiga ing'oma. Wahehe walikuja na madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi, wakiapa kwamba ni juisi.

Asukile alikuwa mwaka wa pili pale siku hiyo ilipomchukua.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Spika zilitakiwa zifike upande wa pili wa uwanja, na waya uliokuwepo ulikuwa mfupi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Asukile akavua viatu visichafuke, akachuchumaa kwenye majani mabichi, akaanza kuunganisha waya mwingine. Hakuna aliyekumbuka kwenda kuuchomoa ule wa kwanza ofisini. Umeme ukarudi. Wenzake walishangilia, kama watu wanavyoshangilia umeme ukirudi, na katikati ya shangwe hizo wakamwona ameanguka.

Bupe alikuwa darasani akimalizia kushona vazi la mcheza ngoma. Alisikia shangwe, halafu akasikia kimya. Alitoka na sindano bado mdomoni.

Walimzika Tukuyu, kwenye kiwanja cha baba yake, kando ya migomba. Chuo kizima kilikwenda. Mwalimu wa umeme alilia kuliko ndugu, na muda mfupi baadaye aliacha kazi bila kuaga. Bupe hakumuuliza mtu yeyote nani alimtuma mwanawe kwenye ule waya. Aliogopa kwamba angejibiwa.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, Mwalimu Philbert alikuja nyumbani kwake na kilo mbili za sukari. Alikaa kwenye kochi, akageuzageuza kofia.

"Madam, wanafunzi wameniomba kitu. Wanataka ile siku tuiite Siku ya Asukile. Ili asisahaulike."

Bupe alilia, kisha akamshukuru. Ilimpa faraja kweli. Mwaka ule hapakuwa na ngoma. Mchungaji aliomba, wenzake Asukile wakasimulia vituko vyake, na fulana zilizochapwa sura yake zikavaliwa kwa heshima. Bupe alirudi nyumbani na fulana yake, akailaza kwenye kitanda cha mwanawe.

Lakini chuo ni mahali pa kupita. Waliomjua walihitimu, wakatawanyika Songwe, Makambako, wengine Dar. Ngoma zikarudi. Ulanzi ukarudi. Jina likabaki, na kila mwaka likabebeshwa mambo mengine: mbio za magunia, kuvuta kamba, mwishowe mashindano ya urembo. Tangazo likabandikwa getini: Nani Kuwa Miss Asukile?

Wiki ile msichana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Pendo alikwenda kupimwa gauni la mashindano. Bupe alikuwa amepiga magoti, anamkunjia pindo.

"Madam, naomba kuuliza," Pendo akasema. "Hivi Asukile ni nini? Wengine wanasema ni kampuni inayotoa zawadi."

Bupe akamalizia pini aliyoishika. Akachomeka na nyingine.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Alifia hapo uwanjani."

Pendo alishuka kwenye stuli na gauni lenye pini. "Nisamehe, mama. Mungu wangu. Nisamehe."

"Hujakosa. Panda, pindo halijaisha."

Siku yenyewe ilipofika, Bupe alikwenda uwanjani kwa sababu mkuu alimwekea kiti mbele. Jua liliwaka. Mshereheshaji, kijana aliyekodiwa kutoka Mwanjelwa, alipiga kelele, "Asukile oyee!" Umati ukajibu, "Oyee!" Akarudia. Wakarudia. Warembo wakapita juu ya jukwaa, na jukwaa lilikuwa limejengwa palepale alipoanguka mtoto. Pendo hakuwa miongoni mwao.

Bupe alivumilia mpaka chakula kilipoanza kugawiwa. Kisha akamfuata Mwalimu Philbert nyuma ya ofisi.

"Mwalimu, ondoeni jina la mwanangu kwenye siku hii."

Philbert hakuelewa. "Madam, kuna aliyekukosea? Hii yote ni kumuenzi."

"Najua. Hakuna aliyenikosea. Lakini kila wakipiga hiyo oyee, mimi nasikia zile shangwe za umeme uliporudi. Mwacheni alale."

Mkuu akatazama chini. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa umemfikisha pale. "Watu watasema tumemsahau," akasema polepole.

"Wameshamsahau, mwalimu. Wanachokumbuka ni sherehe."

Mwaka uliofuata tangazo la getini lilisomeka Siku ya Utamaduni, kama zamani. Bupe alikuwa amejiandaa kwa maswali, kwa lawama, hata kwa ugomvi. Halikuja hata moja. Hakuna aliyeuliza jina limekwenda wapi. Pendo peke yake alipita darasani asubuhi ile, akakaa naye wakikata vitambaa mpaka wenzake walipomwita.

Hapo ndipo ilipomuuma kwa namna nyingine. Alichokiomba alikipata, na sasa siku nzima ilipita pale chuoni bila mtu kutamka jina la mwanawe, iwe kwa kilio au kwa kelele. Alijaribu kulisema mwenyewe, polepole, akiwa peke yake kwenye cherehani, na sauti ikamtoka ngeni.

Mchana alitoka akakaa na Wanyakyusa, maana kutokutokea kungezua maneno. Msichana mgeni chuoni, mwenye lafudhi ya Rungwe, alimnawisha mikono, akampa sahani ya ndizi na kumsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mama. Naona kila mama aliyekuja leo ana mtoto chuoni. Wa kwako yuko fani gani?"

"Umeme," Bupe akajibu.

Msichana akatabasamu, akaenda kumnawisha mwingine. Bupe akala ndizi zake hadi mwisho, kwa sababu kuacha chakula mbele ya watoto wa watu si adabu.