Rafu ya Msafara

Harufu ya gundi ya muhogo ingali inanijia kila nifunguapo kitabu kikuukuu, hata kama kitabu chenyewe kiliunganishwa kwa mashine katika nchi ya mbali na hakijawahi kuonja muhogo. Baba yangu, Mwalimu Yakobo, aliipika gundi hiyo mwenyewe. Alikoroga unga wa muhogo katika maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, ili mchwa wa Tabora, wasiojua tofauti kati ya Zaburi na gazeti, wakutane na uchungu kabla ya kuifikia karatasi. Alikuwa mtunzaji wa chumba cha kusomea cha kanisa letu, Mtendeni. Asubuhi alifundisha shule ya msingi. Alasiri alifungua dirisha la chumba kile, akapangusa vumbi jekundu lililokwisha kuingia tangu jana, akaketi kuvijalidi upya vitabu vilivyochakaa. Vyote alivivika kitambaa kimoja cha khaki, masalio ya sare za shule, na mgongoni akaandika jina kwa wino mweusi. Kwa hiyo mtu aliyesimama mlangoni hakuona vitabu bali kikosi cha askari waliovaa namna moja, na ilimbidi asogee karibu ndipo atambue nani ni nani.

Alivipanga kwa namna ambayo sijaikuta kwingineko, nami nimekwisha kuingia maktaba nyingi. Hakufuata jina la mwandishi wala taaluma, alifuata neno kuu la jina la kitabu. Palikuwa na rafu ya Mvua, rafu ya Mama, rafu ya Mlima. Wasomaji wake walikuwa wakulima, wauza asali na mafundi wa reli, watu waliosikia habari za kitabu barabarani na kubakiwa na neno moja tu. Namkumbuka mzee mmoja wa Usinge, aliyekuja mjini kuuza asali, akisimama mlangoni na kofia mkononi. "Natafuta kile kitabu cha msafara, Mwalimu." "Kipi? Vipo vinne." "Ningekijua ningekuuliza?" Baba alicheka, akampeleka kwenye rafu ya Msafara, akamwacha ajichagulie. Kwenye rafu hiyo zilikaa riwaya tatu, na pembeni yake kitabu cha nne, historia ya muziki wa wapagazi wa njia ya zamani kutoka pwani hadi kwetu na kuendelea hadi ziwani, kilichoandikwa kwa Kiswahili na padri mmoja mgeni aliyetembea vijijini akikusanya nyimbo. Nilipomuuliza Baba kwa nini hadithi za kubuni zilale ubavuni mwa historia, alinijibu kwamba vitabu vya neno moja ni ndugu, na ndugu huulizana habari. Nililishika jibu hilo kama watoto washikavyo maneno ya baba zao, yaani kwa ukamilifu zaidi kuliko alivyokusudia.

Historia ile ilikuwa na jambo lililotuhusu. Bibi yangu, Nyamizi, mama yake Baba, alikuwa binti wa mpagazi. Baba yake alibeba pembe na vitambaa katika njia ile hadi mabega yake yakaota sugu ngumu kama kwato, na akaurithisha ukoo wetu wimbo mmoja. Sijui kama koo nyingine zilikuwa nao. Kwetu uliitwa wimbo wa kutua, na haukuimbwa makaburini, kwa kuwa wazee waliona ni upuuzi kumwimbia mtu asiyesikia. Uliimbiwa mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona, akiwa bado na masikio, ili aambiwe kwamba safari imefika na mzigo sasa unaweza kuwekwa chini. Kiongozi aliimba mistari mirefu ya Kinyamwezi, akivitaja vituo vya njia kimoja baada ya kingine, na wengine wakaitikia kwa silabi chache zisizo na maana, kama mtu anayeshusha pumzi. Bibi ndiye aliyekuwa kiongozi, na hakuna mwingine aliyejua mistari ile. Alipokuwa bado kijana aliwahi kumwimbia padri yule, naye akaiandika, akaweka jina la Bibi juu ya ukurasa. Baba alikuwa na desturi ya kutuonyesha jina lile tu, bila kushuka kwenye mistari, kama mtu anayeonyesha kovu la heshima.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, mwishoni mwa kiangazi, miembe ikiwa imeanza kubeba na mvua ikiwa bado inatajwa tu, Bibi alipigwa na kiharusi akichambua mchele. Upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi ukafa pamoja nao. Tulimpeleka hospitali ya Kitete, na kwa majuma matatu maisha yetu yakawa ni kwenda na kurudi barabara ile tukibeba uji, mashuka na maji ya moto. Kilichobaki hai kwake kilikuwa macho na mkono wa kushoto. Kwa mkono huo aligonga ukingo wa kitanda kwa mapigo yasiyobadilika, mawili mazito na moja jepesi, mwendo wa mtu anayetembea na kitu kizito kichwani. Shangazi Nyanzala, dada yake Baba, ndiye aliyetambua kwanza. "Kaka, Mayo anaomba wimbo," alisema. Mayo ni mama kwa Kinyamwezi, na ndivyo walivyomwita wote wawili. Kitanda cha pili alilala mama mmoja Mgogo mwenye mguu uliovunjika, mtani wetu kwa haki zote za njia ile ya zamani, ambaye hakuacha neno lipite. "Wanyamwezi bwana! Hata kufa mnataka mizigo kwanza. Mwacheni bibi wa watu apande treni!" Shangazi akamjibu bila kugeuka, "Nyamaza, Mgogo. Zamu yako ikifika tutakuimbia ng'ombe." Wodi nzima ikacheka, na nusu ya mdomo wa Bibi ilisogea.

Siku moja daktari alimwita Baba pembeni, na Baba aliporudi aliniita nami. Alikuwa ameushika mgongo wa mama yake ili Shangazi abadilishe shuka, hivyo hakuweza kutoka. Alinipa ufunguo wa chumba cha kusomea na penseli. "Nenda kwenye rafu ya Msafara. Tafuta ukurasa wenye jina la bibi yako, uninakilie maneno yote, usiruke hata moja. Rudi kabla ya saa kumi, ndugu wakifika tuanze." Nilikwenda mbio. Nilikipata kitabu, nikaupata ukurasa, nikaliona jina. Chini yake palikuwa na mistari thelathini na zaidi ya Kinyamwezi, iliyoandikwa kwa tahajia ya padri, yenye vialama juu ya irabu na vistari katikati ya maneno. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini. Kinyamwezi nilikisikia nyumbani lakini sikuwahi kukisoma, na shuleni aliyeteleza akakisema alichekwa kuwa mshamba. Nilinakili mstari wa kwanza, nikaufuta, nikaunakili tena. Nilipousoma kwa sauti haukufanana na kitu chochote nilichowahi kukisikia kinywani mwa Bibi. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea tisa na nusu. Nikakivuta kitabu cha jirani, kimojawapo cha zile riwaya, ambacho nilikuwa nimekwisha kukisoma mara mbili. Ndani yake mpagazi mmoja anakufa njiani, na wenzake wanamwimbia wimbo wa mistari minane, kwa Kiswahili kizuri chenye vina. Nikajiambia kwamba ndugu hawa wawili wanasema jambo lilelile. Niliinakili ile minane kwa mwandiko wangu bora, nikakunja karatasi, nikafunga mlango.

Baba aliisoma, akaikunja, akaikunjua tena, akaisoma mara ya pili. "Mbona ni Kiswahili?" aliniuliza. Nikasema, "Ndivyo kilivyoandikwa." Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi, nami ningali naistaajabia ufupi wake: maneno mawili, na tayari nilikuwa nimefika mahali pasipo na kurudi. Hakuniuliza zaidi. Padri alikuwa ameandika kitabu kwa Kiswahili, Baba alikuwa na imani na maandishi, alikuwa na imani nami, na saa kumi ilikuwa imefika.

Shangazi aliongoza. Alikuwa na sauti nzuri ya kwaya, akaulazimisha ule wimbo mgeni uvae tuni ya zamani kadiri alivyoikumbuka, na sisi tuliolizunguka lile godoro tukaitikia silabi zetu. Wauguzi walisimama. Yule mama Mgogo alivuta khanga akajifunika uso. Lakini mimi nilikuwa miguuni pa kitanda, nami niliona alichofanya Bibi. Mkono wake uligonga katika mstari wa kwanza, ukasita katika wa pili, katika wa tatu ukatulia juu ya shuka. Macho yake yakaanza kutupitia mmoja mmoja, pole pole, kama mtu aliyeshuka stesheni na haoni aliyekuja kumpokea. Yaliponifikia, niliinamisha kichwa. Shangazi alipomaliza alisema, "Mmeona? Ameridhika, ametulia." Bibi alifariki kesho yake asubuhi, na mkono ule haukugonga tena.

Siku ya tatu baada ya matanga kuanuliwa, Baba alikwenda chumba cha kusomea, akanitaka nifuatane naye. Alivitoa vitabu vyote sakafuni. Kwa juma zima, akifungua kila kimoja ili aone ni cha namna gani, aliipangua ile kazi ya miaka: riwaya akaziweka ukuta wa mashariki, historia ukuta wa magharibi, dini katikati. Mimi nilikuwa namkabidhi. Tulipofikia rafu ya Msafara alishika ile historia na ile riwaya, kimoja kila mkono, akalinganisha ukurasa wenye jina la mama yake na ule wa mistari minane. Kisha alisema, akiwa ameelekea dirishani na si kwangu: "Kosa langu. Nimewalaza mtunzi na mtafiti kitanda kimoja, halafu nikamtuma mtoto akamwamshe mmoja wao." Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba jina nililiona, kwamba sikupotea. Nilimkabidhi kitabu kilichofuata, naye akaandika vibao vipya vya rafu kwa wino wake mweusi. Wasomaji hawakuupenda mpango ule. Walikuja na neno lao moja wakaondoka mikono mitupu, na baada ya miaka michache wengi waliacha kuja.

Nilikua na kuelewa jambo ambalo mtoto hawezi kulielewa, nalo ni kwamba Baba angeweza kuyarekebisha mambo. Kitabu cha kweli kilikuwa chake, na Kinyamwezi alikisoma bila shida. Ingetosha kumwita dada yake na kumwambia kwamba tuliimba wimbo usiokuwa wetu. Lakini lazima Shangazi angeuliza ilikuwaje, na jibu lingekuwa na jina langu. Akauchagua ukimya, akaubeba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami kwa miaka mingi niliuona mzigo wake kuwa mwepesi kwa sababu hakuwahi kulalamika. Ilipofika zamu yake, nikiwa nimekwisha kuwa mhadhiri katika mji mwingine, nilikuta ndugu wamekizunguka kitanda chake. Shangazi aliongoza ile mistari minane, ambayo sasa kila mtu aliijua kwa moyo. Baba hakungoja kuimbiwa. Aliitikia pamoja nasi, kila mahali pa kuitikia, kwa sauti iliyofifia lakini isiyotetemeka, akinitazama hadi mwisho. Nilikuwa nimesafiri siku mbili nikiyapanga maneno ya kumwambia. Sikuyasema.

Siku hizi wimbo ule unapigiwa kinanda. Huchapwa nyuma ya ratiba za mazishi yetu kwa herufi za dhahabu, ukiitwa Wimbo wa Ukoo, na vijana wameurekodi wakaurusha katika simu za ndugu waliotawanyika kutoka Urambo hadi Dar es Salaam. Wanauimba kwa machozi halisi, na sina haki ya kuyaita machozi hayo uongo. Zamani wimbo wa kutua ulikuwa na mwenyewe mmoja, nasi wengine tulijua kuitikia tu. Sasa kila mtu ana maneno mfukoni, na hakuna aliye na wimbo. Wanafunzi wangu hunijua kwa ukali wa tanbihi. Huwarudishia kazi zao kwa kosa la kunukuu riwaya mahali palipotaka ushahidi, nao hudhani ni ukali wa kitaaluma tu. Chumba cha kusomea kilikwisha kufungwa, na ile historia ya wapagazi iko kwangu. Nimejifunza jinsi sauti inavyopanda na kushuka katika Kinyamwezi, vialama vya padri nimevielewa, mistari yote nimeitafsiri. Padri aliandika maneno kwa uangalifu mkubwa. Tuni aliiahidi katika juzuu ya pili, na juzuu hiyo sijaikuta popote.

Likizo iliyopita nilikwenda Tabora kumwona Shangazi Nyanzala. Amekuwa mkongwe, macho hayaoni ila mwanga. Nilimweleza yote, kuanzia ufunguo na penseli hadi yale maneno mawili. Alisikiliza akipapasa ukindu wa mkeka. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Nikamwomba anikumbushe jinsi Bibi alivyoongoza. "Mwanangu, mimi nilikuwa mwitikiaji," alisema. "Anayeitikia hasikilizi maneno. Husikiliza mahali pa kuingilia. Hebu soma, nikisikia nitajua." Basi nilikifungua kitabu, nikaanza kumsomea mistari ya mama yake, kituo kwa kituo, kwa matamshi ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeyasifu. Shangazi aliinua uso, akafungua mdomo kidogo, akainua kiganja juu ya goti tayari kupiga. Nilisoma mpaka nikafika mwisho wa ukurasa. Nilipomtazama, mdomo ulikuwa bado wazi, kiganja bado hewani, anangoja.