Fahali wa Nyaluak

Mwalimu wa ushauri katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiingia darasani, kwanza huvua kofia na kuipangusa vumbi kwa kiganja, ndipo awaamkie kwa Kiturkana, "Ejok!" Kisha hupita kati ya madawati akiwagusa wavulana begani. "Fahali wako ni yupi?" Kwao Turkana kijana hupewa fahali wake, akamwimbia, akaitwa kwa jina lake, na Wasudani Kusini nao wana desturi hiyo. Siku hizi mifugo imekwisha, basi anachouliza ni kazi gani mtu ataiimbia maishani.

"Wangu ni kuchomelea vyuma," husema Jal, mmoja wao.

"Huyo utamfunga kamba ya moto!" Mwalimu hucheka, mkono mdomoni.

Muhula uliopita Nyaluak, msichana wa dawati la dirishani, alikuja kuaga, anaozwa. "Miaka yote ulinipita, mwalimu. Mimi hukuniuliza."

Mwalimu akaipangusa kofia, nayo safi. "Basi niambie, binti yangu."

"Sasa nikuambie ya nini?"

Siku hizi mwalimu huanza na wasichana. Lakini dawati la dirishani bado halijapata mtu, na alichotaka kukiimbia yule mtoto, mwalimu hakijui mpaka leo.